Mabega ya Baba Kwenye Shuka Jeupe

Mpendwa mama,

Jana Neema, kitukuu chako, kaniletea simu. Humo mna zile filamu mbili walizotupiga watu wa sinema, ya Uhuru pale Munisagara na ya kijiji cha Ujamaa. Nimecheka mpaka kikohozi kikanishika.

Unaikumbuka ya kwanza? Siku ile ya Uhuru ngoma ilikolea karibu na stesheni, nawe, mke wa mwinjilisti, uvumilivu ukakuishia. Ukafunga khanga kiunoni, ukaingia. Jumapili baba akasimama kanisani akasoma jina lako: umetengwa na meza ya Bwana kwa kucheza ngoma. Kisha akarudi nyumbani kula ugali wako. Ulilia jikoni, mama. Nilikuona, na siku hiyo nilimchukia baba.

Baadaye likaja gari la sinema kutuonyesha filamu hiyo, wakatundika shuka jeupe. Baba alikaa mbele kabisa, mikono kifuani. Ukatokea kwenye shuka, unacheza macho chini, kama mwizi. Baba akaguna. Mara kamera ikahamia nyuma ya umati, na nani yule? Koti jeusi, Biblia kwapani, mabega yanapanda na kushuka!

"Mwinjilisti huyo!" bibi, mama mkwe wako, akapaza sauti. "Haya mwanangu, Jumapili jisome na wewe!"

Watu walivunjika mbavu. Baba akainuka aondoke, ukamvuta koti. "Kaa, Baba Roda. Bado hujamaliza kucheza."

Jumapili akasoma jina lake mwenyewe. Mchungaji aliwarudisha nyote wawili mezani siku ileile, na mlipiga magoti pamoja.

Watu wa sinema walipokuja tena tulishahamia kijiji cha Ujamaa. Wakataka tucheze na majembe begani, tukiimba habari za kilimo. Mpiga ngoma ni baba, kavua koti! Na wewe hutazami chini tena. Unaitazama kamera, unacheka kinywa wazi.

Tangu uondoke duniani sikuwa na picha yako hata moja, na uso wako ulishaanza kunipotea. Nilipouona nikapiga goti mbele ya simu: "Shikamoo mama."

"Bibi, hakusikii!" Neema akaangua kicheko.

Mwache acheke. Mimi nimekuona.

Msalimie baba. Mwambie huko aliko asijifiche nyuma ya watu.

Mwanao,
Roda