Koo la Ng'ombe wa Isaka

Gatete, Rumonge
4 Februari 2024

Mjukuu wangu Joanita,

Amahoro. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, unakula na kulala vizuri. Mimi nipo. Miguu inagoma, na masikio yamefunga kabisa. Kengele ya kanisa naiona ikicheza tu. Ndiyo maana simu hainifai. Nitaendelea kuandika kwa mkono, na Djibril wa duka la nyavu atapiga picha karatasi akutumie. Ukijibu, ananishikia simu yake nisome kwenye kioo. Anasoma barua zetu, lakini anajifanya hasomi.

Umesema wenzako chuoni wanakucheka kwa sababu ya alama zako za mtihani wa taifa. Huku nako wanacheka. Jirani yetu Domitille alisimama mbele yangu, akafungua mdomo wazi ili nisome maneno: "Mwalimu, mutoto wako waliomukatalia inivesite ya waganga wa ng'ombe, sasa iko anapitia dirishani?" Nikamjibu, "Ndiyo, na akishaingia, mbuzi wako atakuwa wa mwisho kutibiwa." Akacheka mpaka akakaa chini.

Nimefundisha kambini Tanzania tulipokuwa wakimbizi, nimefundisha hapa tuliporudi. Nimewaona walioingia kwa mlango mkubwa wakasinzia humo ndani. Cheti kwanza, kisha stashahada, kisha chuo kikuu. Ni kuzunguka, lakini ni njia.

Sasa nina swali, na nakuuliza wewe kama daktari. Ng'ombe wa Isaka, yule mwenye doa jeupe, hali wala hanywi. Mate yanamtoka kama kamba. Anajaribu kumeza na hawezi. Wanasema analia bila kupumzika, sauti imekauka. Mimi naona mdomo umefunguka na watu wote wakigeuza shingo. Alikuwa akizurura penye kukamulia mawese. Unasemaje?

Babu yako,
Lameki


Tabora
6 Februari 2024

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ya vumbi. Nimesoma barua yako nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikatoka kwenye foleni. Babu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Hapa wananiita "Mrundi wa alama za huruma". Nimekwenda kukaa nyuma ya zizi la mbuzi nikafikiri sana.

Mate mengi, hawezi kumeza, na alikuwa penye mawese: ni kokwa ya chikichi imekwama kooni. Tulisoma habari za kukwama wiki iliyopita. Mfanye hivi. Isaka ashike taya kwa nguvu, mwingine avute ulimi pembeni, atie mkono taratibu mpaka kooni, aitoe. Msichelewe, asije akavimba tumbo.

Nami nina habari. Tarehe 25 Machi tuna mtihani wa vitendo. Wanaofanya vizuri wanaingia stashahada, na hapo hakuna anayeuliza tena ulipata nini sekondari. Babu, niombee. Nikikosa nafasi hii sina mlango mwingine.

Niambie kuhusu ng'ombe!

Mjukuu wako,
Joanita


Gatete
9 Februari 2024

Joanita, daktari wangu,

Amahoro tena. Hapa mvua ni nyingi na ziwa limezidi kupanda. Nyumba mbili za wavuvi zimesimama majini.

Ushauri wako ulikuwa wa mtu mwenye akili. Mkono uliingia mpaka kooni, lakini kokwa haikupatikana. Ng'ombe alianza kuyumba miguu ya nyuma, Isaka akaona bora amchinje kabla hajafa mwenyewe. Nyama imegawanywa mtaani. Domitille anasema ng'ombe aliyeimba hivyo angepelekwa kwaya, si sufuriani.

Usijilaumu. Hata waganga wakubwa hupoteza. Soma, na mtihani wako uufikirie kuliko kitu kingine.

Babu yako,
Lameki


Tabora
11 Machi 2024

Babu,

Shikamoo. Nisamehe, salamu zangu leo ni fupi. Uko mzima? Nijibu hilo kwanza.

Leo mwalimu wetu, Zakaria, ametuonyesha picha ya ng'ombe mwenye mate kama kamba, shingo imenyooka, mdomo wazi. Akauliza, ana nini? Nilinyoosha mkono kabla ya wote. Nikasema, kuna kitu kimekwama kooni, mtu atie mkono akitoe. Mwalimu akanitazama, akasema, "Ukitia mkono hapo, umejichimbia kaburi." Babu, kilikuwa kichaa cha mbwa. Ng'ombe akiumwa na mbwa mwenye kichaa anakuwa hivyo hivyo: anashindwa kumeza, analia hadi sauti inakauka, miguu ya nyuma inayumba. Kila mtu anadhani amekwama. Ugonjwa uko kwenye mate, na huingilia hata mkwaruzo mdogo.

Uliandika kwamba mkono uliingia mpaka kooni. Mkono wa nani?

Aliyetia mkono, aliyeshika taya, aliyechinja, wote waende hospitali leo hii wachanjwe. Nyama iliyopikwa ikaiva si ya kuogopa sana. Cha kuogopa ni mate na ubongo. Mtu anaweza kukaa wiki nyingi akiwa mzima kabisa, na chanjo humwokoa wakati huo. Lakini pale alipoumia pakishaanza kuwasha au kufa ganzi, hakuna dawa tena, Babu. Hakuna mahali popote duniani.

Mimi ndiye niliyesema atie mkono. Alama zangu zilikuwa zinasema kweli. Kama mkono ulikuwa wako, nitaondoka hapa na sitagusa mnyama tena maisha yangu yote.

Joanita


Gatete
14 Machi 2024

Mjukuu wangu,

Amahoro, tulia. Mimi ni mzima.

Mkono ulikuwa wa Isaka. Alivua shati, akatia mkono mwenyewe, na ndiye aliyechinja. Mimi nilishika kamba kwa mbali, na wewe unajua nisivyo na nguvu. Djibril alipomsomea barua yako, Isaka aliniuliza, "Mwalimu, iko kusema mimi nimekwisha kufa?" Nikamwambia: bado. Tukampeleka Rumonge siku hiyo hiyo kwa pikipiki ya Djibril, amechomwa sindano ya kwanza na zingine zitafuata. Mkono wake hauna ganzi wala haumwashi. Mbwa waliokuwa wakirandaranda penye msitu wa Kigwena chifu wa mtaa ameagiza wafungwe.

Kwa hiyo barua yako imemwokoa mtu mwenye watoto wanne. Hilo ndilo ulilolifanya. Usizungumze tena habari za kuondoka. Fanya mtihani.

Babu yako,
Lameki


Tabora
17 Machi 2024

Babu,

Shikamoo. Nilifurahi sana kusoma kuhusu Isaka, nikalia. Kisha nikaitazama tena picha ya barua yako, nikaacha kulia.

Mwandiko wako siku zote umelalia upande wa kulia. Tangu nilipojifunza kusoma, naujua. Barua ya tarehe 14 imelalia kushoto, na herufi ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Kwa nini uliandika kwa mkono wa kushoto? Wa kulia una nini?

Nakuomba kwa jina la marehemu mama yangu, usinijibu kwa mafumbo. Unawasha? Umekufa ganzi? Unakunywa maji?

Nimempigia Djibril mara nyingi. Anasema, "Muzee iko anapumuzika," halafu anakata. Djibril si mtu wa kukata simu.

Joanita


Tabora
19 Machi 2024

Babu,

Hujajibu. Kila nikinywa maji najisikiliza kama yanapita, kana kwamba ni mimi niliyegusa. Nimekwenda kwa mwalimu kuomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Amesema anaweza kuniruhusu, lakini mtihani hauwezi kunisubiri.

Andika hata neno moja. Andika kwa mkono wowote.

Joanita


Gatete
20 Machi 2024

Joanita, mwana wa binti yangu,

Amahoro iwe nawe. Usiniulize hali, nitakueleza mwenyewe. Naandika asubuhi, kwa sababu asubuhi akili yangu bado ni yangu. Domitille ananishikia karatasi. Amevaa glavu alizopewa hospitali; kwa hilo usiwe na wasiwasi.

Nilikudanganya tarehe 14. Mkono ulikuwa wangu. Isaka alishika taya na kuchinja, hayo ni kweli, na sindano zake ni kweli. Lakini aliyetia mkono ni mimi, na jino likanichuna juu ya kifundo. Sikulijali.

Sasa sikiliza jambo kubwa zaidi. Nilikuandikia Jumapili. Mkono nilikuwa nimeutia Alhamisi, kabla ya kukuuliza. Huku kila ng'ombe anayetoka mate tunajua ni chikichi, na kila mwenye mkono mwembamba huitwa aitoe. Nimeitoa mara nyingi maishani. Mara hii sikukuta kitu, koo lilikuwa tupu. Nikadhani kokwa imeshuka chini zaidi.

Mwezi wa kwanza uliniandikia kwamba labda wewe ni mjinga na alama hazisemi uongo. Sentensi ile ilinikaa kifuani. Nikataka kuwe na mtu mmoja wa kukuuliza kama anavyoulizwa daktari. Basi nikachukua ng'ombe wa Isaka nikakuuliza, kana kwamba hakuna lililofanyika. Nilikuficha kwamba koo lilikuwa tupu. Mwalimu mzima, najua kwamba anayeulizwa lazima apewe habari zote. Ungejua koo ni tupu, ungetafuta jibu jingine. Nilikunyima habari ile ili uwe na furaha ya kujibu. Ushauri wako ulinikuta nimekwisha kuumia. Hukuniua. Ulijibu swali ambalo mimi nililiharibu.

Barua yako ya tarehe 11 ilipofika, mkono ulikuwa umeanza kuwasha siku kadhaa, nami nikidhani ni baridi yabisi. Nilifika kwenye mstari ule wa "hakuna mahali popote duniani", nikamrudishia Djibril simu, nikamwambia tumtafute Isaka haraka. Hospitali nilimwonyesha muuguzi mkono wangu. Aliniuliza, nikamweleza. Mimi husoma midomo, Joanita, na midomo yake haikusogea.

Naogopa. Sitakuandikia kama mtu jasiri. Tangu jana Domitille akileta kikombe, koo linajifunga lenyewe kabla hakijafika. Wamefunga dirisha la upande wa ziwa kwa blanketi, maana upepo ukinigusa uso nashtuka mwili mzima. Nimezaliwa kando ya maji haya, nikayalilia miaka yote ya ukimbizi, na leo siwezi kuyatazama. Naogopa kwamba siku moja kati ya hizi nitamfokea mtu aliyenipenda, au nimng'ate. Nimemwambia Djibril anifunge mikono ikifika hapo. Alikwenda kulia kwenye ua, akarudi akasema ameingiwa na moshi. Hakuna moshi.

Usije. Hilo ndilo ninaloomba. Fanya mtihani tarehe 25. Ukija utaniona nikiwa kitu ambacho sitaki ukione, na mlango ule utafungwa.

Babu yako,
Lameki


Kigoma
22 Machi 2024

Babu,

Shikamoo. Sikuulizi hali.

Barua yako imenikuta kwenye basi, karibu na Kigoma. Nilikuwa nimekwisha kuondoka. Mwalimu Zakaria ameandika jina langu kwa mtihani wa mwakani, akaniambia nafasi haina uhakika. Nimemwambia njia yangu ilikuwa ya kuzunguka tangu mwanzo; mzunguko mmoja zaidi hautaniua.

Labda uliyoandika ni kweli. Labda umenidanganya mara ya pili ili nipone. Nitakapofika sitamwuliza Isaka ulitia mkono siku gani.

Djibril, najua unasoma. Soma hapa vizuri. Chumba kiwe na giza kidogo na watu wachache. Msitembee tembee mbele yake. Msimlazimishe maji. Mlowesheni midomo kwa kitambaa, kama atakubali, akikataa, acheni. Waombe hospitali dawa ya kumtuliza, waje nayo nyumbani, msingoje ateseke kwanza. Domitille, wewe, na kila aliyeguswa na mate yake mchanjwe, hata kama glavu hazikutoboka. Msimfunge kamba. Mfungeni kwa shuka pana, iliyokunjwa, na mtu anayemjua akae mahali anapomwona.

Haya nayasema kwa sababu nimepewa habari zote.

Babu, nitavuka mpaka wa nchi pale Kabonga kesho asubuhi, kisha gari lolote lenye mafuta mpaka Gatete. Nitavaa glavu. Nitakaa chini ya ukuta, usawa wa macho yako, nitazungumza polepole. Huna haja ya kujibu. Tazama midomo yangu tu.

Mjukuu wako,
Joanita