Mgeni Rasmi Hajasimama

Jumapili, Dodoma. Upepo wa leo hauna adabu, umeingiza vumbi hadi kwenye sahani. Mimi lakini nimetulia. Sijatulia hivi tangu Yona arudi.

Yona ni mdogo wangu. Alikwenda Dar es Salaam kusomea ufundi umeme, akarudi na gitaa na wenzake watatu wanaopiga muziki wa roki. Jana alasiri walipiga hapa kwetu kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa mikutano wenye viti vya kitambaa, kwa kuwa ndio uliopatikana. Alikuwa ameniambia mapema: nyumbani wakimkataa, gitaa ataliuza. Yona si mtu wa kutishia nyau.

Mgeni rasmi alikuwa bosi wangu. Nilimwomba mwenyewe, nikijua akija yeye, ofisi nzima itakuja. Wakaja kweli, na suti zao na vitenge vilivyopigwa pasi, wakaketi.

Wakaketi kwelikweli!

Mji huu ni wa watumishi. Mgeni rasmi hajasimama, hasimami mtu. Nyimbo tatu zikapita, ngoma zinagonga hadi kifuani, na watu wamekunja mikono kama wanaosomewa bajeti. Wimbo ukiisha, makofi ya heshima, kisha kimya. Mguu wangu ulikuwa unacheza chini ya kiti, na wa jirani yangu nikauona unacheza pia. Kule jukwaani Yona alikuwa anatazama viatu vyake. Iliniuma sana.

Nikasimama. Peke yangu, safu ya pili, nyuma ya bosi. Kucheza sijui, nikacheza hivyo hivyo, na aibu zangu zote.

Bosi akageuka kunitazama. Nikainama nikamnong'oneza, "Mzee, watu wanakungoja wewe."

"Mbona sijakaribishwa?" akauliza, kwa upole kabisa.

"Karibu, mzee."

Akafunga kifungo cha koti, akainuka. Ukumbi mzima ukainuka naye, wima, mikono ubavuni. Na Yona, mtoto wa hapa hapa, akaelewa kama ambavyo yeyote wa hapa angeelewa: mgeni rasmi akiinuka, shughuli imekwisha. Akaukatiza wimbo, akaanza kuchomoa waya wa gitaa. Uso wake ule sitaki kuuona tena.

"Kijana, unakwenda wapi?" bosi akapaza sauti. "Tumeinuka tucheze!"

Hapo ndipo palipochangamka. Vigelegele, makoti yakavuliwa, mhasibu wetu akapanda juu ya kiti.

Kesho nitamwamkia bosi shikamoo kama siku zote, ingawa sijui nitamtazamaje.

Asubuhi hii, kwenye chai, Yona hakuwa na raha. Akaniuliza, "Dada, walicheza kwa kupenda, au kwa kumtii bosi wenu?"

Kumbe watu walipoanza kucheza taa za jukwaani ziliwashwa, zikampiga machoni, hakuona kitu tena. Nikamwambia nilichokiona mimi. Wimbo uliofuata bosi alichoka, akaketi.

Hakuketi mtu mwingine.