Mabakuli ya Mji Yamenipotea na Mkaguzi Yuko Njiani

Senge Lenah mpendwa,

Pokea salamu kutoka Kitale, shangazi yetu sote, na ninakuomba ukiifungua barua hii usiiweke chini ya zingine, kwa sababu mkaguzi anakuja wiki ijayo na mimi nimeshindwa hata kumeza ugali ninaoupika mwenyewe. Majina ya watu nimeyabadilisha yote ili mtu asiumie, na mimi niite tu Mama Bakuli, maana sokoni ndivyo wanavyoniita siku hizi na utaelewa sababu.

Mimi ni mtoto wa Kikuyu niliyezaliwa hapa Trans-Nzoia, nimeolewa na Mbukusu, na nina kibanda cha chakula karibu na soko, napika ugali, githeri ya mahindi na maharagwe, matumbo na mboga ya managu, na wateja wangu wengi hawakai kula, wanabeba wakale kazini au nyumbani. Mwaka huu mji ulitoa ruzuku kwa sisi wenye vibanda ili tuachane na vile vikopo vyeupe vya kutupa vinavyoziba mitaro kila mvua ikinyesha, nikaomba bila kutegemea kitu, na Senge, nikapata. Nilipewa mabakuli ya kijani ya plastiki ngumu, yana kifuniko kinachofunga hadi mchuzi haumwagiki, yana chapa ya mji chini, pamoja na rafu ya kuyapanga, na hiyo ni nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili ni sinki kubwa, mtambo wa kuchemsha maji, na maji ya mfereji hadi ndani ya kibanda, lakini hiyo inakuja tu kama mkaguzi atapata kwamba mabakuli mengi bado yapo na yanazunguka. Mimi maji nabeba kwa mitungi kutoka ng'ambo ya barabara na mgongo umeanza kunikataa, kwa hivyo hilo sinki naliota hata nikiwa nimesimama.

Afisa wa mji, Madam Vivian, alitufundisha vizuri. Alisema mteja akibeba bakuli aache pesa kidogo, akilirudisha anarudishiwa pesa yake, sawa na vile tunavyoacha pesa ya chupa tukibeba soda dukani. Siku ya kwanza nikaanza hivyo, na wa kwanza kufika akawa mzee Hiram wa Saboti, mzee wa kanisa letu, ambaye kila siku ya soko akileta vitunguu vyake hupitia kwangu kubeba chakula chake na cha mkewe Phelista. Nilipomwambia aache pesa ya bakuli aliniangalia tu, halafu akasema, "Mama, miaka hii yote, leo ndio umeona mimi ni mwizi?" Foleni yote ikanigeukia. Senge, niliona aibu hadi masikio yakawa moto, nikamwambia, "Hapana mzee, enda tu nayo, utaleta ukirudi," na kama nimemwachia yeye ningewezaje kumdai mwingine, kwa hivyo pesa ya bakuli ikafia hapo hapo.

Mwanzoni yalirudi, tena yalirudi vizuri, mmoja analeta bakuli na mayai ndani, mwingine njugu, mwalimu mmoja akaleta lake na parachichi, nikasema huu mradi umebarikiwa. Halafu mabakuli yakaanza kuchelewa. Halafu watu wenyewe wakaanza kuchelewa. Sasa hivi mahindi bado ni mabichi shambani na nyumba nyingi ghala ni tupu, huu ndio wakati watu hununua chakula cha kupikwa kidogo kidogo, lakini wateja wangu wanapita upande ule mwingine wa barabara, na kuna mama mmoja aliponiona alijificha nyuma ya magunia ya makaa kama mtoto.

Mabakuli nayaona kila mahali isipokuwa kwenye rafu yangu. Moja linapima mahindi kwenye mashine ya kusaga, moja limepandwa miche ya sukuma, na kijana wa bodaboda anayeitwa Kim ameweka spana zake ndani ya lingine. Nilipomwuliza akaniambia, "Mathe tulia, bakuli iko fiti, lakini siwezi kukuletea hivyo tu." Nikasema basi kumbe sasa vijana wananitania.

Nikaenda hadi Saboti kumjulia hali mzee Hiram kwa sababu miguu ilikuwa inamsumbua, lakini ukweli wa Mungu ni kwamba nilifuata mabakuli. Phelista akanikaribisha chai, na hapo juu ya kabati nikayaona, yamesuguliwa yanang'aa, yamefunikwa kitambaa cha kufuma kama vyombo vya harusi. Akaona macho yangu yalipokwenda. Akasema, "Mama Bakuli, usione nimenyamaza. Si unajua vile kuko. Mahindi ikitoka nitakuletea." Nikacheka kicheko cha kujikaza, nikamaliza chai, nikarudi mikono mitupu, na njiani nikasema moyoni hata watu wa kanisa wamekuwa wezi, maana mahindi na bakuli langu vinahusiana wapi.

Sasa nifike kwenye lile linaloninyima usingizi. Wifi yangu Joan ana kibanda Bungoma, upande wa Kibabii, anauzia wanafunzi, na kule pia wana mpango kama huu, na mabakuli yao ni ya rangi ile ile, tofauti ni chapa ya chini tu. Nilimlilia kwa simu, akanijibu bila hata kufikiria, "Mulamwa wangu, si nikukopeshe zangu bana. Wakija kwako zinakuwa zako, wakija kwangu unanirudishia. Hao wanahesabu juu juu, ati nani atageuza bakuli aangalie tako lake?" Kesho yake gari la nyanya likanishushia magunia yamejaa mabakuli ya Joan, na sasa yako stoo, nimeyafunika blanketi, na kila mtu akibisha mlango nakimbilia kwanza kufunga stoo. Mume wangu Mukhwana anasema niache ujinga, kila mtu anafanya hivyo.

Senge, nifanye nini? Niyapange ya Joan kwenye rafu ninyamaze, au niende kwa chifu anisaidie kuchukua yangu nyumba kwa nyumba, au niseme ukweli na sinki niliage? Nisaidie, maana nikimwangalia Joan naona nimemwingiza shimoni, na nikiiangalia mitungi yangu naona sina njia nyingine.

Mama Bakuli,
Kitale

Senge Lenah anajibu:

Mama Bakuli, keti kwanza unywe maji. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikakasirika, na sasa ninakujibu nikiwa na vyote viwili.

Hakuna mtu aliyekuibia. Umezaliwa Trans-Nzoia, umeolewa kwetu, na bado unaniuliza mahindi na bakuli vinahusiana wapi? Kwa mama yako kiondo cha jirani kilirudishwa kitupu? Na kwa mama mkwe wako, siku ulipotumwa kurudisha chombo cha watu, ulikibeba hivi hivi kikiwa na hewa ndani? Najua hukukibeba. Uliwekewa hata viazi viwili, hata kikombe cha maharagwe, ukaambiwa chombo cha mtu hakirudi kitupu. Phelista alikuambia wazi kwamba anangoja mavuno ili apate cha kukuwekea. Kim naye alikuambia hawezi kukuletea hivyo tu. Wewe ukasikia wizi mahali watu walikuwa wanasema adabu.

Hao wanaopita ng'ambo ya barabara hawana mayai msimu huu, wala njugu. Wanaona haya kukurudishia bakuli tupu, na wanaona haya zaidi kuja kubeba chakula kingine ilhali la kwanza bado liko kwao. Kwa hivyo wanalala na njaa na mabakuli yako yako juu ya kabati. Wewe umekuwa ukihesabu plastiki. Mimi katika barua yako nimehesabu watu ambao hawaji kula tena, na huyo mzee mwenye miguu mibovu ni mmoja wao.

Na kosa hilo ni lako, mama, usitafute wa kumbebesha. Umewahi kuona mtu akirudisha chupa ya soda dukani imejaa maharagwe? Chupa inarudi tupu na hakuna anayeona haya, kwa sababu kuna pesa yake inayomngoja pale kaunta. Ni biashara, na kila mtu anajua inapoishia. Siku uliyomwambia mzee Hiram aende nalo tu, bakuli liliacha kuwa la kibanda likawa la jirani, na la jirani lina desturi yake. Uliogopa aibu ya dakika moja mbele ya foleni, ukawatwika wateja wako aibu ya msimu mzima. Madam Vivian alikupa njia nzuri, ukaiacha kwa sababu mzee mmoja alinuna. Wazee hununa. Ungemwekea chakula, ungemtania kidogo, na kesho yake angeacha pesa kama wenzake.

Sasa nisikilize vizuri. Mabakuli ya Joan yarudi Bungoma kesho, na gari lile lile la nyanya. Hapo sitaki tujadiliane. Chapa iko chini, na kazi ya mkaguzi ni kugeuza vitu. Akigeuza moja tu hutaanguka peke yako, utamwangusha na wifi yako ambaye kosa lake ni kukupenda haraka haraka. Mukhwana akirudia kwamba kila mtu anafanya hivyo, mwambie avae koti siku hiyo akamkaribishe mkaguzi yeye mwenyewe, uone kama hatapata safari ya ghafla.

Chifu mwache na kazi zake. Ukimpeleka chifu kwa Phelista mabakuli utayapata, lakini mteja hutamwona tena, na kanisani utakaa benchi peke yako.

Jumapili hii omba nafasi ya matangazo, na sokoni waambie wenye midomo mipana, maana wao ndio redio yetu: mwenye bakuli la Mama Bakuli alilete tupu, kwa sababu Mama Bakuli anataka kumjazia. Siku hiyo pika githeri sufuria kubwa na usimtoze mtu. Utasema ni hasara. Ulipewa mabakuli bure, na wewe toa. Anayeleta tupu aondoke nalo limejaa, awe ameacha pesa ya bakuli hata kidogo, na kuanzia hapo iwe sheria kwa mzee na kwa mtoto. Iandike kwenye kibao ukutani, ili kibao ndicho kiseme na wewe ubaki ukipakua.

Saboti nenda mwenyewe na chakula cha moto. Ukifika usilitaje bakuli hata kwa macho. Mwombe Phelista sufuria yake, umimine, mle pamoja. Hayo mabakuli atakufungia mwenyewe kwenye leso, maana wewe ndiye utakuwa umeleta, na mikono yake haitakuwa imerudisha kitu kitupu. Na kabla hujaondoka umwombe msamaha kimoyomoyo kwa yale uliyosema njiani. Kwa sauti usimwombe, hakuyasikia, usimwongezee.

Kabla ya hayo yote, leo, mpigie Madam Vivian. Mwambie mabakuli mengi yako majumbani, mwambie uliacha kudai pesa ya bakuli, na umweleze desturi yetu polepole, kwa sababu huenda hakuna aliyemweleza. Nina hakika kuna vibanda vingine vyenye shida hii hii, na wenyewe wamejifungia stoo kama wewe. Labda atakupa muda. Labda atakunyima sinki na kulipeleka kwa mwingine, na akifanya hivyo atakuwa na haki, na wewe utabeba mitungi mwaka mwingine huku mgongo ukiuma. Siwezi kukuahidi mwisho mtamu nisioujua.

Ninachojua ni kwamba rafu yako haitajaa kufikia wiki ijayo, hata ukipika githeri ya mji mzima. Basi mkaguzi akifika, simama mbele ya rafu hiyo ilivyo, umwambie haya ndiyo niliyo nayo, na hii ndiyo sababu. Utatetemeka. Tetemeka, lakini sema.

Wako,
Senge Lenah