Mnazi Uliobaki Junju

Muyeye, Malindi
12 Februari 1984

Dada Kache,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vyema, na ule mguu umepunguza maudhi. Mimi sijambo, ila viganja vimeota malengelenge, nawe utacheka ukijua sababu.

Shoka la baba ulilonitumia limefika. Sikubadilisha mpini, na ile alama aliyoichonga kwa kisu bado inaonekana. Nimeanza kazi ya kusafisha viwanja: tunaangusha miti, tunang'oa visiki, tunachoma taka, mwenyewe anakuja kujenga. Malindi hii kila mtu anataka kujenga. Niko na Musembi, Mkamba mmoja mwenye nguvu kama trekta, na watu wengine wawili. Niombee, dada. Nimechoka kuwachimbia watu vyoo.

Mdogo wako,
Kiponda

Junju
3 Machi 1984

Mdogo wangu Kiponda,

Marahaba. Huku tu wazima, mvua tu ndiyo hatuioni. Mguu ni uleule, nauburuta nao waniburuta.

Nimefurahi, ila nikuambie jambo na usinune. Mwenye ardhi si lazima awe mwenye mti. Sisi wenyewe hapa tumekaa juu ya ardhi ya watu, lakini minazi ni ya baba, na kila mmoja wetu alipozaliwa alipandiwa wake. Tajiri hatakuambia hayo. Basi kabla ya kukata, zunguka kiwanja kwa miguu yako, piga hodi kwa jirani, uulize: mti huu wa nani? Ukiona umefungwa kuti kavu shinani, mwenyewe yupo, usiuguse. Niahidi. Najua wewe ni mwepesi wa kuahidi, lakini niahidi tu.

Dada yako,
Kache

Muyeye
25 Machi 1984

Dada, shikamoo. Sote wazima. Naapa kwa jina la baba, sitakata mti ambao sijauulizia. Haya, umeridhika? Nina haraka, Musembi ananingoja njiani.

Mdogo wako,
Kiponda

Muyeye
20 Agosti 1984

Dada Kache,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukunyamazia. Mguu je? Mimi afya ninayo, nafasi ndiyo sina. Nimepata kazi kwenye kiwanja cha hoteli, na mkubwa wake hataki niondoke hata kidogo. Kuna kazi nyingine imekuja, upande wa Kilifi, shamba la tajiri wa Mombasa. Sijaliona. Msimamizi wake alinikuta hapahapa, akasema ni vichaka na minazi mizee, basi nimemtuma Musembi na wenzake. Nimempa shoka la baba liwe la baraka. Ilinipasa niende kuzunguka mwenyewe, najua. Safari nyingine nitakwenda.

Mdogo wako,
Kiponda

Muyeye
16 Septemba 1984

Dada Kache,

Shikamoo. Sijui kama nina uso wa kukuuliza hali, lakini nakuuliza. Mguu je?

Musembi amerudi bila shoka. Nilimfokea mpaka majirani wakatoka nje. Akaniambia mama mmoja amelichukua, mama aliyewapikia mihogo siku zote za kazi, akawaletea na maji, wala hakuwakataza kitu. Minazi ilifungwa makuti makavu, Musembi akadhani ni ya kuwashia moto. Mkamba wa watu, angejuaje? Aliyejua ni mimi. Nikamwuliza mama huyo yukoje, akasema anaburuta mguu. Nikamwuliza pale panaitwaje. Akasema Junju.

Mbona hukuwaambia, dada? Ungetaja jina lako tu, wangeacha. La, nisikutupie wewe. Ni mimi. Niliapa kwa jina la baba, kisha nikatuma shoka lake likakate alichopanda. Jumapili nilifika stendi ya basi, nikakaa mpaka jioni, nikarudi nyumbani. Naona haya. Niandikie unitukane, nitapokea.

Mdogo wako, kama bado waniita hivyo,
Kiponda

Junju
7 Oktoba 1984

Kiponda,

Marahaba. Mguu haujambo.

Barua yako ya Agosti ilinifika kazi imeshakwisha. Waniuliza mbona sikusema. Wale watu walipokuja, niliona shoka kabla sijaziona nyuso zao. Nikawauliza nani kawatuma, wakasema Kiponda. Basi nikajua umeshazunguka, umeshauliza, umeshakubali, kwani si uliniapia? Nikadhani umetuuza. Mtu akiuzwa na nduguye ataenda kushtaki wapi? Nikaingia jikoni nikawapikia, maana walikuwa wageni wako. Kila mnazi ukianguka, sufuria inatikisika juu ya mafiga.

Siku ya mwisho ilibaki minazi miwili, wangu na wako. Nikamwomba Musembi aniachie mmoja. Ni mtu mwema yule. Akasema, chagua mama. Nikamwambia akate wangu.

Usidhani sikukasirika. Nilikasirika, na bado. Nilikuwa nachochea moto huku nakuapiza, kisha naziomba koma, roho za wazee wetu, zisinisikie. Shoka nililichukua liwe malipo ya mihogo yangu. Liko chini ya kitanda.

Msimamizi alipita juzi, akauona mnazi wako, akasema ataleta watu wengine waumalize. Nimeufunga kuti kavu, lakini watu hao nao hawatajua kuti maana yake nini. Wewe wajua. Usiniandikie tena. Panda basi, uje ukae shinani pa mnazi wako, uwaambie una mwenyewe. Mihogo ipo.

Dada yako,
Kache