Nani Atamwogesha Baba

Dutwa,
Bariadi, Simiyu.
15 Juni 2025.

Mpendwa wifi Nyanjige,

Mwangaluka, wifi. Hujambo huko Uingereza, na mgongo unaendeleaje? Usijikaze kuwabeba wazee peke yako. Sisi tunapumua. Watoto ni wazima na pamba tumeshaivuna, ila furaha hatuna.

Barua yako nimeirudia sana, pale unaposema Japani, kwenye nyumba za wazee, sheria inataka mhudumu mmoja kwa wazee watatu, na hapo kwenu haitaji idadi, inasema tu wawe wa kutosha. Nilicheka, halafu nikalia. Hapa nyumbani tulikuwa sita kwa mzee mmoja, na hatukutosha.

Tangu baba apate kiharusi, jirani yetu Salu ndiye aliyekuwa akimwogesha. Sasa Salu kahamia Katavi na ng'ombe wake. Kaka yako Machibya yuko safarini na lori la tajiri wake, hurudi Jumapili. Tunaobaki ni mimi mkwe, na mabinti zangu, ambao baba hakubali wamwone alivyo.

Mwezi uliopita alilala kwenye mkojo tangu alfajiri, nami nimesimama mlangoni. Mkwe haingii chumbani kwa baba mkwe, unajua mwenyewe tulivyolelewa. Mchana nilishindwa kuvumilia. Nikachemsha maji, nikaingia, nikamwogesha. Alijifunika uso kwa shuka mpaka nilipomaliza. Tangu siku hiyo hakunitazama tena, na ugali wangu akawa anaugusa tu.

Machibya aliporudi, baba akamwambia, "Nipelekeni kwenye nyumba ya wazee. Kule wanaoogesha si wakwe zangu."

Kaka yako alikasirika mno. Alisema watu watasema tumemtupa baba, na kweli wanasema, hata kanisani. Lakini mzee alishikilia neno lake, na Alhamisi tukampeleka.

Pale niliulizia wahudumu. Niliambiwa wapo wawili kwa wazee wote, na usiku anabaki mmoja. Wewe unayejua sheria za nchi za watu, usinifiche, wifi: hao wanatosha? Nieleze pia nikienda kumwona nitazame wapi kama ana vidonda vya kulala, mgongoni au visiginoni, maana mimi sijui.

Machibya anakusalimu, ingawa bado amenuna. Joyness na wadogo zake wanakukumbuka kila tunaposali. Shangazi Milembe wa Malampaka naye anakuulizia.

Alhamisi hiyo, tulipokwenda kuaga, mhudumu alikuwa ameshamwogesha baba na kumvisha shati safi. Baba aliniangalia usoni, akasema, "Mama Joyness, sasa ukija nitakupokea."

Nililia njia nzima. Imebidi baba aihame nyumba yake ndipo aweze kunitazama.

Mungu aibariki mikono yako, wifi, inayowaogesha baba za watu.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Elina