Mama, Hukuwa Umechoka

Ni mwaka kamili sasa, Mama, tangu utuache ukiwa bado unasubiri tarehe ya upasuaji. Kaka mkubwa alitaka tuandike katika tangazo hili la kumbukumbu kwamba "umepumzika." Nimekataa, na kalamu ninayo mimi.

Ulikuwa na miaka sabini na tisa, na cherehani yako haikuwahi kushika vumbi. Sare za shule nzima zilipita mikononi mwako. Mteja akivuta tumbo ndani wakati wa kupimwa ulimwambia, "Achia, mwanangu, mimi nashona nguo, sishoni picha." Watoto waliorefuka katikati ya mwaka uliwashushia pindo bila kuombwa.

Ile vali ya bandia, kilango cha damu ulichowekewa moyoni miaka minane iliyopita, uliiita "mpangaji wangu." Kisha homa ikaja, ikaondoka, ikarudi, wiki tano. Kule zahanati wakasema ni uzee. Tulipokufikisha hospitali kubwa, vali ilikuwa imeshaingiwa na bakteria. Ulipoambiwa ukasema, "Basi wafumue, washone upya. Nisaini wapi?" Sisi tukacheka.

Daktari wa upasuaji alituita koridoni. Alisema kupasua ni hatari kwa umri wako, lakini dawa peke yake haitatosha. Kisha akauliza, "Mwenyewe anasemaje?"

Kaka mkubwa akajibu, "Mama ameshachoka, daktari. Tumwache tu."

Uongo mtupu. Asubuhi ile ile ulikuwa umenituma vifungo vya sare. Kitanda chako kilikuwa hatua kumi kutoka pale, na hakuna aliyekwenda kukuuliza. Mimi ninayegombana na kila mtu, siku hiyo niliufyata.

Watu wanatupa pole wakisema umri ulikuwa umekwenda. Damu inanichemka nikisikia hivyo. Ndiyo, ungeweza kufia mezani kwa daktari. Lakini moyo ulikuwa wako, na jibu lilikuwa lako.

Ulituuliza tarehe mara tatu. Mara zote tatu tulikwambia daktari yuko safarini.

Unakumbukwa na kaka mkubwa, aliyejibu, kaka wa pili, aliyeitikia kwa kichwa, wakwe zako, wajukuu zako saba, na mimi kitinda mimba wako, niliyenyamaza. Siku zote tutakukumbuka, Mama. Msamaha hatukuombi, maana hapo pia tungejijibu wenyewe kwa niaba yako.