Maneno Hamsini kwa Kila Sikio

Nairobi

Dada yangu Mwanahamisi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila koo limekauka na mwili umechoka. Homa yako imekuacha? Na watoto hapo Mabawa hawajambo?

Uliuliza kazi yangu hapa hospitali ni ipi. Nawasomea maneno watu wanaopimwa masikio. Naziba mdomo kwa karatasi wasiione midomo yangu, nasema "kuku", mgonjwa naye aseme "kuku". Maneno hamsini sikio hili, hamsini lile, mgonjwa baada ya mgonjwa. Nikirudi chumbani sitaki hata kuzungumza na mtu.

Juma lililopita aliletwa Mzee Mhina, Mbondei wa Muheza, mgonga boila katika karakana ya gari moshi, kutwa nyundo juu ya chuma. Akishindwa kipimo, kazi hana. Tulianza na sikio la kulia, akaenda vizuri. Tulipopita thelathini jasho likamtoka. Nikisema "paka" yeye "taka", mwisho akanyamaza kabisa. Daktari akaandika kwamba hafai.

Nikashindwa kuvumilia. "Bwana daktari, huyu amechoka tu. Hata mimi ninayesoma nimechoka."

"Nikipunguza maneno, nitajuaje kwamba hakubahatisha?"

"Tazama karatasi za wenzake. Hesabu nusu ya kwanza peke yake."

Siku mbili tukahesabu. Kwa wengi, nusu ya kwanza ilitoa jibu lile lile la maneno yote hamsini. Kwa wazee, nusu ya pili iliharibiwa na uchovu. Basi Mzee Mhina akaitwa tena, nikamsomea maneno mengine, ishirini na tano tu. Sikio la kushoto limekufa, dada, hilo halina dawa. La kulia likashika karibu yote. Wamemtoa kwenye boila, wamemtia stoo.

Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, nyumbani walidhani nawanunia."

Neno hilo limeninyima raha. Siku naondoka nilimwamkia baba mara tatu pale mlangoni, asiitikie. Miaka minne nimeamini sina radhi yake, ndiyo maana simtaji katika barua. Lakini baba kasimama umri wake wote kando ya mashine za katani. Sasa nadhani hakunisikia.

Nisalimie shemeji, mama mdogo wa Moa, na maalimu wetu wa chuoni. Ila ya baba usiipeleke juu juu. Kaa mbele yake, auone mdomo wako. Usimpigie kelele, wala usiseme mengi. Mwambie: Mbwana anakuamkia. Kisha uniandikie alivyoitika.

Ndimi nduguyo,
Mbwana